Shahidi wa Chini ya Jiwe

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya walimu, vikundi vya vijana wa mazingira, wauza maji na wazee wa mitaa. Imeandikwa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Assalaamu alaykum. Na wenzangu wengine, hamjambo nyote? Wazee, shikamooni.

Bwana mwenyekiti, ahsante kwa nafasi. Nimeonywa nisirefushe maneno kwa sababu baada yangu kuna chai na mahamri, na sijamwona bado msemaji aliyeshindana na mahamri akashinda. Basi niingie katika shughuli.

Nani hapa amekunywa maji leo? Inueni mikono. Haya, wote. Sasa nani atanieleza maji hayo yametoka wapi? Naona mikono inashuka. Huyu asema bomba. Yule asema mkokoteni. Mama mmoja nyuma kule asema yametoka kwa Mungu, na hilo mimi sina la kumpinga. Lakini kabla ya bomba na mkokoteni kuna ardhi, ndugu zangu. Kisiwa hiki tulichokalia hakina mto. Twanywa maji ya Chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, ambayo ni mvua ya Vilima vya Chyulu iliyopenya kwenye mawe ya volkano ikatokea chini. Twanywa maji ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki. Twanywa ya Marere, katika Shimba Hills, na ya visima vya Tiwi.

Na Sabaki ni mto gani? Ni Athi ule ule. Waanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, wapokea Mto Nairobi na kila kilichotupwa ndani yake, wakutana na Mto Tsavo ukaitwa Galana, na ukifika kwetu unaitwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hivyo mtu akiniambia mito ni habari ya watu wa bara, mimi humwuliza: chai yako ya asubuhi umeipikia maji gani? Tena tunayo mito yetu midogo. Kombeni unamwaga katika hori ya Tudor, Mwache unamwaga upande wa Port Reitz. Kila kinachopita humo huishia kwenye mikoko yetu na kwenye nyavu za wavuvi wetu.

Mimi kazi yangu ni ya maabara. Sishindi mtoni. Nashinda mezani, nimeinamia hadubini, nahesabu vidudu visivyo na uti wa mgongo: mabuu, minyoo, konokono, ruba, kaa wadogo. Shangazi yangu hadi leo huwaambia watu kwamba nilisomea udaktari wa mende, nami nimechoka kumsahihisha.

Nina neno moja tu leo, na nitalirudia hadi mlichoke. Viumbe wa mtoni hawasemi uongo kuhusu maji yao. Lakini sisi tunaowahesabu twaweza kuwasingizia. Wao hawasemi uongo. Sisi twaweza kuwasingizia.

Mtaniuliza, kwani kuna haja gani ya vidudu? Si tuchote maji kwenye chupa tuyapime tumalize? Tuyapime, naam. Lakini ukichota maji leo saa nne asubuhi, umejua hali ya maji ya leo saa nne asubuhi. Ya jana hukuyajua. Ya usiku wa manane hukuyajua. Na anayemwaga uchafu mtoni, humwaga saa ngapi?

(Ukumbi: Usiku!)

Usiku! Tena huchagua usiku wa mvua. Kukipambazuka maji yale yameshafika baharini, na chupa yako itakuletea habari njema za uongo.

Kuna kijito kimoja upande wa vilima vya Kwale. Jina lake sitalitaja, maana waharibifu wake wana majirani wema. Katikati pana mahali watu wanaoshea pikipiki na malori, na oili chafu inamwagwa hapo hapo ukingoni. Tulikwenda mapema asubuhi, kabla hajaamka mtu wa kuosha chochote. Tukapima maji juu ya pale na chini ya pale: joto, oksijeni, chumvichumvi. Vipimo vilikaribiana mno, na mtu akisoma karatasi ile pekee angesema hapana neno hapa.

Kisha tukatia wavu. Wavu wenyewe una matundu ya nusu milimita. Mtu husimama ndani ya mkondo, hufukua mawe kwa miguu, na maji hukisukuma kila kilichobanduka kikaingia wavuni. Kule juu tulipata efemera, mabuu ya mdudu atakayeota mbawa, yenye mikia mitatu na matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, yaliyopangwa ubavuni mwa tumbo. Tulipata plekoptera, wenye mikia miwili na kucha mbili kila mguu, ambao kwenye mito yetu ya Afrika Mashariki si wengi wa aina. Tulipata trikoptera, wale mafundi wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti wakaishi ndani. Makundi hayo matatu, kwa jumla, hutaka maji baridi yanayokwenda, yenye oksijeni ya kutosha. Chini ya pale pa kuoshea hatukupata hata mmoja wao. Tulipata minyoo, ruba, na funza wekundu wa jamii ya kironomidi.

Kwa nini ni wekundu? Kwa sababu wana hemoglobini, ile ile inayoipa damu yetu rangi. Kwayo hushika oksijeni kidogo iliyobaki kwenye tope ambalo mwenzake angekufa. Kwa hiyo ukiwaona funza hao peke yao, wamejaa, na wengine wote hawapo, mto umekwisha kusema. Maji ya uchafu yalikuwa yameshapita. Waliokosekana ndio waliotoa ushahidi, kwa sababu efemera huishi majini wiki kadhaa, wengine miezi, kabla ya kuota mbawa. Hawezi kuhama usiku ule akarudi asubuhi.

Elimu hii si ya jana. Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, walishaanza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwapanga viumbe wa majini kwa kadiri wanavyostahimili uchafu. Ni sisi tu tumechelewa kuizoea.

Lakini msiondoke hapa mkaenda kutia wavu popote na wakati wowote. Mvua ya mwaka ikipiga, mafuriko huwakumba viumbe wote, wa maji safi na wa maji machafu, na mto mzima waonekana maiti. Subiri mto utulie wiki kadhaa. Wakati wa kaskazi vijito vyetu vingi vinakauka, na kijito kilichokuwa kikavu mwezi uliopita usikihukumu kwa kukosa plekoptera. Na ukikaribia hori, ambako maji kupwa na kujaa huleta chumvi, fungasha wavu wako urudi nyumbani. Hesabu hizi ni za maji baridi, yasiyo na chumvi.

Sasa niwapeleke mezani, kwa sababu huku ndiko watu hawakuoni, na huku ndiko mto husingiziwa.

Chupa inafika maabara. Ndani yake mna matope, majani, changarawe, na viumbe waliohifadhiwa ndani ya etanoli, spiriti kali. Kitu cha kwanza ninachotafuta ni kijikaratasi. Kiwe ndani ya chupa, na kiwe kimeandikwa kwa penseli: mto gani, mahali gani, tarehe gani, nani alichota. Kwa nini penseli? Kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Kuna kundi moja lilituletea sanduku zima la chupa, kazi ya msimu mzima, wameandika nje kwa kalamu nzuri, mwandiko wa kupendeza. Njiani chupa moja ikavuja. Tulipofungua sanduku hapakuwa na herufi iliyosalimika, ni rangi ya samawati tu mikononi. Tulikuwa na mito yote na hatukuwa na mto hata mmoja. Vijana mliokaa mbele, andikeni hilo. Kwa penseli!

Baada ya hapo sampuli huoshwa juu ya chekecheo lenye matundu ya nusu milimita, tope litoke. Majani makubwa huyatoa moja moja, huyasuuza na kuyakagua pande zote mbili, ndipo huyatupa. Kisha mchanganyiko wote humwagwa kwenye trei iliyogawanywa miraba 30, kila mmoja sentimita 6 kwa 6, ukatandazwa sawasawa.

Kwa nini miraba? Kwa sababu chupa moja yaweza kuwa na maelfu ya viumbe, na umri wetu ni mfupi. Basi tunapiga kura. Namba ikitoka 17, mraba wa 17 unainuliwa, unawekwa chini ya hadubini, anaokotwa kila aliyemo. Kisha kura nyingine. Tunaendelea hadi wafike kama 300. Na hapa pana sheria isiyovunjwa: mraba ulioanza, umalize. Hata kama umeshavuka 300, hata kama adhana ya magharibi inakaribia na tumbo linalia, umalize.

Mwingine atasema, kura ya nini, si nichague mraba wenye viumbe wengi niokote haraka? Hapo ndipo uongo unapoingia. Jicho lina mapendeleo yake. Jicho hupenda kikubwa, hupenda cheusi, hupenda kilichonyoosha miguu. Mama zangu, ninyi mwachambua mchele. Jiwe jeusi mwaliona kutoka mlangoni. Ni lile jeupe, la rangi ya mchele wenyewe, linalopita hadi sahani ya mgeni likamvunja jino. Haya, na mtoni ni hivyo hivyo.

Alikuja kwetu kijana mmoja kujifunza. Hodari, mwepesi, ana heshima zake. Tulimpa sampuli ya mto mmoja wa juu, wenye msitu pande zote. Akaokota, akapanga, akamaliza kabla ya adhuhuri, wakati sampuli moja humla mtu siku nzima, wakati mwingine mbili. Tukatazama vichupa vyake: mabuu ya kereng'ende, makubwa, mazuri. Konokono. Kaa. Kunguni wa majini. Efemera hamna, ila wawili watatu waliokomaa. Kwa hesabu ile, mto wenye msitu ulikuwa mgonjwa.

Je, tuliandika hivyo? Hatukuandika. Maana kuna mtu wa pili. Maabara inayojiheshimu haitupi makapi. Yale yaliyobaki baada ya kuokota huwekwa, na mtu mwingine, ambaye hakuokota yeye, huyapitia upya chini ya hadubini. Akikuta kwamba wa kwanza aliacha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya viumbe wote, sampuli inarudiwa. Basi mwenzangu akaketi na makapi yale. Nilimsikia anacheka peke yake. Kulikuwa na efemera wachanga tele, wa milimita mbili, wa rangi ya majani yaliyooza, wamelala ubavu kati ya nyuzi za mizizi. Kulikuwa na mabuu ya mbawakawa wadogo wa mkondoni, membamba, ambayo mtu asiyeyajua hudhani ni vipande vya vijiti.

Tulipohesabu upya, mto ukapona. Mto haukufanya lolote, ndugu zangu! Ni meza iliyopona. Fikirini kama karatasi ya kwanza ingetoka ikafika kwa chifu. Wangelaumiwa nani? Wale wakulima wa juu, ambao hawajamwaga chochote. Tungewasingizia efemera kwamba hawapo, na tungewasingizia watu kwamba wamewaua. Na kinyume chake chawezekana pia: ukiwaacha minyoo wembamba na funza wadogo wa matopeni, ukawaokota kereng'ende tu, mto uliooza utaonekana una nafuu. Makosa ya jicho hayana chama.

Kuna sheria nyingine ndogo ndogo ambazo wageni wakija maabara huzicheka. Twahesabu vichwa. Minyoo hukatika vipande vitatu vinne, na mwili usio na kichwa hauhesabiwi, ama sivyo mnyoo mmoja atakuwa ukoo. Ganda tupu la konokono halihesabiwi, maana mwenyewe huenda alikufa mwaka juzi akasukumwa na mafuriko. Ngozi aliyoivua efemera akikua haihesabiwi, hata iwe na mikia yote mitatu, kamili, nzuri kuliko mwenyewe. Kijumba cha trikoptera hukigonga kwa sindano kwanza: hodi, mna mtu? Kama hamna, pita.

Na mikia msiiamini sana. Nimewaambia efemera ana mitatu na plekoptera ana miwili, na wako kweli efemera wenye miwili. Isitoshe, mikia hukatika chupani. Mwenye kujua huanza na matamvua na kucha: matamvua yako tumboni au kwapani? Kucha ni moja au mbili? Efemera ana moja kila mguu. Wale funza wa kironomidi wana kazi yao peke yake. Unamkata kichwa, unakilaza chali juu ya kioo, unakitazama kwa hadubini kubwa zaidi uone safu ya meno ya mdomo wa chini. Meno ndiyo yatakuambia ni wa aina gani. Na wakati mwingine meno hayo hukutwa yamepinda, yameungana, au pengo limetokea mahali pasipo na haki ya kuwa na pengo. Kasoro za namna hiyo zikizidi, huhusishwa na madini mazito na kemikali zilizolala kwenye tope la chini. Maji ya juu yaweza kuwa meupe kabisa.

Bwana mwenyekiti ananitazama saa. Nimekuona, bwana. Nina kisa kimoja ambacho siwezi kukiacha.

Kule Nyanza zamani kulikuwa na upofu ulioletwa na usubi, inzi wadogo weusi wanaouma, wanaobeba minyoo ya ugonjwa huo. Usubi hukulia katika mito ya kasi. Mabuu yao hujishika kwenye mawe na majani yaliyozama, wakachuja chakula kwa mapepeo ya mdomoni. Mwaka 1946, katika bonde la Kodera, walitia DDT, dawa ya kuua wadudu, mitoni, na usubi wakatoweka. Lakini DDT haina macho: haimwui usubi ikamwacha efemera. Na jambo la ajabu ni kwamba waliofanya hivyo walikuwa hawajui mabuu ya usubi yule, Simulium neavei, yanakaa wapi. Mawe yalitazamwa, majani yakatazamwa, hayakuonekana. Inzi mkubwa yupo, anauma watu kila siku, mtoto wake haonekani.

Mwaka 1950, watafiti van Someren na McMahon wakatangaza katika jarida la sayansi la Nature kwamba wameyapata. Yalikuwa wapi? Juu ya kaa. Kaa wa mto, mzima, anatembea na shughuli zake, na mabuu ya usubi yamejishika mwilini mwake yanasafiri bure. Na jamaa wengine wa usubi walikutwa wamepanda juu ya efemera.

Najiuliza mara nyingi: kabla ya hapo, ni watu wangapi waliomshika kaa yule mkononi? Wavuvi walimshika. Watoto walimchezea. Ndiyo sababu kwetu kaa akifika ndani ya chupa hatumsuuzi tukamweka kando eti tumeshamjua. Anapanda chini ya hadubini kama wengine, miguu inafunguliwa mmoja mmoja, tunatazama kwapani.

Karibu na hapa kwetu, Kwale, tatizo ni kichocho, na konokono anayekibeba ni Bulinus. Ukimshika ganda lake ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama, mdomo uko kushoto. Vizuri. Lakini yuko konokono mwingine, Physa, mgeni aliyetoka Amerika ya Kaskazini akaenea duniani, naye mdomo wake uko kushoto vile vile, na kichocho hakibebi. Mwalimu akiwaambia watoto kila konokono wa kushoto ni wa kichocho, kijiji kizima kitaogopa bwawa lisilo na kosa. Angalieni rangi ya nyama yake angali hai, maana Bulinus naye ana hemoglobini, na spiriti huiondoa rangi yote. Kama hamna hakika, mleteni. Na kama mna hakika, mleteni pia.

Nimalizie na alama. Afrika Kusini wana mfumo wa kuupa mto alama kwa viumbe wake, uitwao SASS, toleo la tano lilitoka mwaka 2002. Wenzetu wa Tanzania waliurekebisha kwa mito yao, wakauita TARISS. Hesabu yake hata darasa la sita waiweza. Kila jamii ya viumbe ina alama yake: anayedhurika upesi ana alama kubwa, mvumilivu ana ndogo. Kwa alama za SASS, tuseme juu ya mto umepata plekoptera wa jamii ya Perlidae, 12, efemera bapa wa Heptageniidae, 13, efemera wa Leptophlebiidae, 9, mbawakawa wa Elmidae, 8, usubi, 5, kaa, 3, kironomidi, 2. Jumla 52, gawanya kwa jamii 7, wastani ni 7.4. Chini ya mto umepata kironomidi, 2, minyoo, 1, viluwiluwi vya mbu, 1, inzi wa maji taka, 1, ruba, 3, Physa, 3. Jumla 11 kwa jamii 6, wastani 1.8. Nani hapa anahitaji kutafsiriwa?

Uzuri wa mfumo huu ni kwamba hufanywa pale pale ukingoni, kwenye trei nyeupe, na viumbe hurudishwa mtoni wakiwa hai. Walimu, anzeni nao. Ukumbi huu usiende kununua hadubini kesho. Nendeni na wavu, trei nyeupe na lenzi ya mkononi. Mimi wa maabara nauonea wivu kidogo kwa wepesi wake. Lakini wafaa kujua mwisho wake: huishia kwenye jamii, hauendi hadi aina, wala hauachi kitu cha kurudia. Matokeo yakibishaniwa, chupa iko wapi?

Na hilo la chupa ndilo ombi langu la pekee kwa wakubwa mliohudhuria. Mradi wa Bwawa la Mwache uko mbele ya macho yetu. Mto ukizibwa, sehemu yake ya chini hubadilika: wingi wa maji, joto lake, mchanga unaoletwa. Watoto wetu watakuja kuuliza mto huu ulikuwaje kabla. Watajibiwa na chupa zilizojazwa kabla, zenye kijikaratasi cha penseli, zilizowekwa kabatini na kuongezwa spiriti kila inapopungua. Kabati moja tu. Halili chakula, haliombi mshahara.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi, acheni nilijibu kabla hatujaenda kwenye chai. Dada wa Kisauni anauliza: nimekuta funza wekundu ndani ya tangi la nyumbani, je, maji ya bomba yameoza? Dada yangu, hao ni kironomidi wale wale niliowataja. Hawaumi, na hawaambukizi ugonjwa. Mara nyingi hawakuja na bomba. Inzi wao, mdogo anayefanana na mbu asiyeuma, alipata tangi halina kifuniko akataga mayai, na chini ya tangi kulikuwa na tope la kuwalisha watoto. Limwage tangi, lisugue chini na pembeni, lijaze tena, kisha funika, na kila tundu la hewa utie wavu wa mbu. Wakirudi baada ya hapo, niletee wachache kwenye chupa ndogo ya spiriti, tuone ni wa aina gani.